Mauaji Yasiyo na Mwenyewe

Aprili 2015, polisi wa Mkoa wa Morogoro walitangaza kwamba wamewakamata watu kumi msikitini huko Kidatu, wilayani Kilombero, wakiwa na milipuko na vifaa ambavyo jeshi hilo lilivihusisha na al-Shabaab. Zilikuwa zimepita takriban wiki mbili tangu watu 148, wengi wao wanafunzi, wauawe katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, na miongoni mwa waliokamatwa kwa tukio hilo la Garissa alikuwamo Mtanzania. Bonde linalojulikana kwa mchele na miwa likajikuta linatajwa katika habari za aina ambayo lilizoea kuzisikia kutoka mbali.

Garissa ilikuwa na mwenyewe. Siku ileile ya mauaji al-Shabaab walijitokeza, wakasema wao ndio waliofanya, wakataja na kisa chao: majeshi ya Kenya yaliyoko Somalia. Mkenya aliyezika mwanawe aliweza angalau kumtaja adui yake kwa jina. Tanzania haijazoea kupata hata hilo. Tangu mwaka 2012 nchi hii imezika watu waliouawa kwa mabomu na risasi, imewauguza waliomwagiwa tindikali, na mara nyingi hakuna kundi lililosimama likasema kwamba ndilo lililohusika.

Anayedhani kwamba magaidi wote hutafuta sifa atashangaa akiziona takwimu. Watafiti watatu wa Marekani, Erin Kearns, Brendan Conlon na Joseph Young, walichapisha mwaka 2014 utafiti ulioonyesha kwamba kati ya maelfu ya mashambulio ya kigaidi yaliyotokea duniani tangu 1998, takriban asilimia 14 tu ndiyo yaliyopata kundi lililokiri kuhusika. Wanaonyamaza ndio wengi. Kimya chao kina sababu zake na faida zake, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki kimeleta madhara makubwa kila mara serikali ilipoamua kunyamaza pamoja nao.

Sababu ya kwanza ni aibu, na mfano wake mkubwa kuliko yote uko Mogadishu. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa milipuko lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, mahali penye maduka, hoteli na foleni ya magari, karibu na lori jingine lililobeba mafuta. Moto ulioruka hapo uliunguza watu kiasi kwamba wengi hawakutambulika. Kamati iliyoundwa kuwahesabu waliokufa ilifikia watu 587. Katika historia ya karibuni ya Afrika hakuna bomu moja lililoua watu wengi kiasi hicho. Hata hivyo al-Shabaab, kundi lenye msemaji, lenye redio yake, lililokuwa likitangaza hata kuuawa kwa askari mmoja njiani, halikusema neno. Mpaka leo halijasema.

Si vigumu kuona sababu. Siku chache baada ya mlipuko ule wakazi wa Mogadishu waliingia barabarani kwa maelfu, wamefunga vitambaa vyekundu kichwani, wakiwalaani wauaji waziwazi katika mji ambao kuwalaani al-Shabaab kungeweza kumgharimu mtu maisha. Kundi linaloishi kwa kukusanya kodi kwa wafanyabiashara, kupata vijana kutoka koo mbalimbali na kujinadi kuwa mlinzi wa Waislamu wa Somalia lisingeweza kusimama mbele ya makaburi 587 ya Waislamu wa Somalia likadai ushindi. Lilikwisha kuonja hasira hiyo kabla. Tarehe 3 Desemba 2009 mtu mmoja alijilipua katika Hoteli Shamo kwenye mahafali ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir. Familia zilikuja kushangilia madaktari wapya wa nchi isiyo na madaktari, zikaondoka na maiti. Mawaziri nao waliuawa hapo. Serikali iliwanyooshea kidole al-Shabaab, nao wakakana.

Miaka miwili baada ya Zoobe, Desemba 2019, bomu jingine liliua watu zaidi ya 80 kwenye kizuizi cha barabara pembezoni mwa Mogadishu, wakiwamo wanafunzi wengi waliokuwa ndani ya basi. Safari hii msemaji wa al-Shabaab, Ali Mohamud Rage, alikiri baada ya siku mbili, akadai waliolengwa ni Waturuki, na akawaomba radhi raia waliofiwa. Matukio haya matatu yakiwekwa pamoja yanaonyesha mpangilio wa wazi: kundi lilelile hukana, hunyamaza au huomba radhi, kwa kupima ukubwa wa hasira ya watu ambao linawahitaji. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Muuaji anayeogopa maoni ya majirani zake ni muuaji ambaye majirani hao wanaweza kumdhoofisha.

Sababu ya pili inahusu mauaji ambayo hayahitaji tangazo, kwa kuwa anayelengwa amekwisha kuelewa. Huu ndio uzoefu wa Watanzania wenyewe, na kwa watu wa Kilombero si hadithi ya ugenini. Mto unaopita chini ya daraja la Ifakara hukutana na Luwegu, na kuanzia hapo unaitwa Rufiji. Ruaha Mkuu, unaozungusha mitambo ya umeme ya megawati 204 pale Kidatu, nao huingia humohumo mbele ya safari. Maji yote hayo huteremka kupita Utete na kumwagika baharini kwenye visiwa vya delta, wilayani Kibiti.

Huko chini ya mto, kuanzia 2015 hadi 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, maofisa watendaji, makada wa CCM, mgambo na askari polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wengi walifuatwa usiku nyumbani kwao. Wengine walipigwa risasi na watu waliokuja kwa pikipiki na kutokomea. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliokuwa wakirudi kutoka lindo walishambuliwa Mkengeni, Kibiti, wakauawa na silaha zao kuchukuliwa. Kufikia katikati ya mwaka huo waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Polisi walipiga marufuku bodaboda kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mwisho wa Mei Rais John Magufuli alimteua Simon Sirro kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kuchukua nafasi ya Ernest Mangu, na Sirro akatangaza zawadi ya shilingi milioni 10 kwa atakayetoa habari za kuwafichua wauaji.

Katika miaka yote hiyo hakuna kundi lililotuma barua, kanda wala ujumbe wa kudai kuhusika ambao serikali iliutangaza kuwa wa kweli. Tangazo lingewafaa nini? Mwenyekiti wa kitongoji anayesikia kwamba mwenzake wa kijiji cha jirani amepigwa risasi mlangoni kwake, mbele ya mkewe, hahitaji kuandikiwa. Anajua kwamba kosa la mwenzake ni cheo, na cheo hicho anacho yeye pia. Viongozi wakaanza kulala nje ya nyumba zao, wengine wakahama kabisa. Mkono wa serikali vijijini ukasinyaa bila aliyeusinyaza kutaja jina lake. Angelitaja, angelipa jeshi anwani ya kwenda, angewapa wazazi sababu ya kuwauliza vijana wao walikuwa wapi usiku, na angewalazimisha masheikh na maimamu wa vijiji vile wamkane hadharani. Kwa kunyamaza, alibaki akiishi kati ya watu walewale aliokuwa akiwaua.

Kimya hicho pia kilimwezesha kila mtu kuwa na maelezo yake. Wapo waliosema ni majambazi wanaotafuta bunduki, wakikumbusha uvamizi wa kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, Julai 2015, ambapo askari waliuawa na silaha kuporwa. Wapo waliosema ni hasira ya ushuru wa mkaa na mazao ya misitu kwenye vizuizi vya barabara. Wapo waliosema ni visasi vya ardhi na siasa, na wapo waliosema ni ugaidi wa watu wenye itikadi kali za dini. Huenda kila maelezo yalikuwa na chembe ya ukweli, lakini nchi inayopigwa na kitu isichokitaja haiwezi kujikinga nacho ipasavyo.

Sababu ya tatu ni umri na hali ya kundi lenyewe. Kundi changa hunyamaza kwa kuwa halina pa kusemea na linaogopa kupondwa kabla halijakomaa. Likishapata tajiri wa kuliinua, hupiga mbiu. Mauaji ya Beni, mashariki mwa Kongo, yalianza Oktoba 2014. Watu waliuawa kwa mapanga na mashoka, kijiji baada ya kijiji, wakafikia mamia, na hakuna aliyesema ni yeye. Serikali ya Kinshasa ilisema ni ADF, waasi wenye asili ya Uganda ambao kiongozi wao Jamil Mukulu alikamatwa hapa Tanzania Aprili 2015, mwezi uleule wa tukio la Kidatu. Lakini mwaka 2016 kikundi cha utafiti kuhusu Kongo kilicho katika Chuo Kikuu cha New York kilieleza kwamba ADF hawakuwa peke yao katika mauaji yale, kwamba makundi mengine yenye silaha na hata baadhi ya maofisa wa jeshi la Kongo walihusika. Kimya cha wauaji kilikuwa vazi lililowatosha wengi.

Aprili 2019 mambo yakageuka. Shambulio lililofanywa karibu na Kamango, jirani na mpaka wa Uganda, lilitangazwa na kundi linalojiita Dola la Kiislamu kuwa ni kazi yake. Kuanzia hapo matangazo yakafululiza. Mapanga yalikuwa yaleyale, misitu ileile, na wakulima waliochinjwa wakienda kuvuna mihogo na kakao walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na shirika la nje linalotaka kuonekana liko hai baada ya kushindwa Syria na Iraki, na kundi la ndani linalotaka jina kubwa na fedha.

Msumbiji ilipita njia hiyohiyo. Vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, vilivamiwa tarehe 5 Oktoba 2017, miezi michache tu baada ya operesheni kali ya vyombo vya usalama huko Kibiti. Wakuu wa polisi wa Tanzania walisema baadaye kwamba baadhi ya wahalifu waliokimbia Kibiti walivuka Ruvuma na kuingia huko. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wavamizi wa Cabo Delgado walichoma vijiji na kukata watu vichwa bila kueleza wanataka nini. Dai la kwanza la Dola la Kiislamu kuhusu Msumbiji lilitoka Juni 2019. Na Oktoba 2020, wapiganaji kutoka upande huo walipovuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, dai lilitoka ndani ya siku chache, likiwa na bendera na picha. Watanzania wakapata kwa mara ya kwanza tangazo la wazi la kundi hilo kuhusu damu iliyomwagika kwenye ardhi yao.

Aliyeisoma Kibiti kwa makini angeiona Kitaya ikija. Kipindi cha kimya ndicho kipindi cha kukua.

Yapo pia mashambulio ambayo huenda hayana kundi kubwa nyuma yake, na hapa ndipo madhara ya kimya yanapoingia hadi kwenye meza ya chakula. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, siku parokia hiyo ilipokuwa ikizinduliwa mbele ya balozi wa Papa. Watu watatu walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Juni, bomu jingine lililipuka kwenye mkutano wa kampeni wa CHADEMA katika viwanja vya Soweto, Arusha hiyohiyo, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa madiwani. Watu walikufa hapo pia. Hakuna aliyejitokeza kukiri lolote kati ya hayo mawili. Uongozi wa CHADEMA ulidai polisi walihusika na bomu la Soweto na ukataka tume ya majaji. Polisi walikanusha na kukitaka chama kipeleke ushahidi wake. Wafuasi wa kila upande wakaondoka na mkosaji wao mfukoni.

Zanzibar nayo ilionja uchungu huo. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali alipokuwa kwenye mazoezi ya asubuhi. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kufundisha walimwagiwa Mji Mkongwe. Septemba ya mwaka huo ikawa zamu ya Padri Anselmo Mwang'amba. Sheikh, wageni, padri: orodha hiyo haikai kwenye kisanduku kimoja, na kwa kuwa hakuna aliyeimiliki, kila mtu aliisoma kwa macho ya hofu yake. Mkristo aliona Waislamu, Mwislamu aliona njama ya kuwapaka Waislamu matope, mwenye hoteli aliona watu wasiopenda watalii.

Mtaalamu wa siasa wa Marekani, Aaron Hoffman, aliyachunguza mashambulio ya Israeli katika utafiti aliouchapisha mwaka 2010, akaona kwamba makundi hukiri zaidi yanapokuwa yanashindana. Palipo na makundi matano yanayogombea vijana na wafadhili walewale, kila moja lazima lijitangaze ili sifa isiende kwa jirani. Palipo na kundi moja, au pasipo na kundi lolote lenye sura, hakuna wa kushindana naye. Tanzania ya 2013 ilikuwa hivyo. Ukosefu wa matangazo haukumaanisha kwamba hatari ilikuwa ndogo. Ulimaanisha kwamba hakukuwa na soko la kujinadi.

Kuna jambo la nne ambalo waandishi wa Afrika Mashariki huliandika kwa tahadhari, nalo ni kwamba kimya au utata wa wauaji huzifaa pia serikali. Juni 2014 watu wasiopungua 60 waliuawa kwa siku mbili Mpeketoni na vijiji vya jirani, kaunti ya Lamu nchini Kenya. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa akasema sio al-Shabaab, ni mitandao ya wanasiasa wa hapohapo yenye uhusiano na magenge ya wahalifu. Gavana wa Lamu alikamatwa, kisha mashtaka dhidi yake yakaondolewa kwa kukosa ushahidi. Watu wa Mpeketoni wakabaki na muuaji anayejisema na rais anayemkanusha. Hali ya namna hiyo ilitokea pia Hispania, Machi 2004, mabomu yalipoua watu zaidi ya 190 ndani ya treni za Madrid siku tatu kabla ya uchaguzi. Serikali ilikimbilia kuwataja ETA, kundi la Wabaski ambalo vita nalo vilikuwa na faida kwenye kura. ETA wakakana, ushahidi ukaelekea kwingine, na chama tawala kikashindwa.

Tanzania ilichukua njia nyingine, ya kutosema kabisa. Baada ya katikati ya 2017 mauaji ya Kibiti yalipungua, kisha yakakoma. Maofisa walieleza kwamba hali imedhibitiwa. Lakini hakuna ripoti iliyowekwa mbele ya umma ikieleza wauaji walikuwa nani, walipata wapi fedha na silaha, wangapi waliuawa wakati wa operesheni, wangapi walifikishwa mahakamani, na wangapi familia zao bado zinawatafuta. Mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti habari za Kibiti kwa ajili ya gazeti la Mwananchi, alitoweka Novemba 2017. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alipohojiwa na BBC alizungumza kana kwamba mwandishi huyo amekufa, kisha akasema maneno yake yalieleweka vibaya. Mke na watoto wa Gwanda wameachwa hapo.

Kimya cha serikali kina gharama ambayo maofisa wa usalama wanapaswa kuijua kuliko mtu mwingine yeyote. Zawadi ya shilingi milioni 10 haiwezi kumfanya mwanakijiji azungumze iwapo hajui nini kitampata baada ya kuzungumza. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha anawaogopa wauaji na anawaogopa wakamataji, na haoni tofauti kati ya hofu hizo mbili. Katika hali hiyo taarifa muhimu kuliko zote, ile ya kijana aliyeanza kubadilika, ya mgeni anayenunua mbolea bila kuwa na shamba, haifiki kituoni.

Matumizi mapana ya sheria nayo yameongeza ukungu. Anayeshtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 hapewi dhamana. Viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar, akina Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Msellem Ali Msellem, walishikiliwa kwa mashtaka ya ugaidi kwa takriban miaka saba hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi Juni 2021. Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Freeman Mbowe, alishtakiwa kwa sheria hiyohiyo mwaka 2021, na kesi ikafutwa Machi 2022. Kesi ikifutwa baada ya miaka saba bila hukumu, mwenye hatia ananufaika, asiye na hatia ananyimwa utakaso wake, na umma haujui ulikuwa unalindwa dhidi ya nani.

Ushahidi kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi uko katika historia yetu wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Hakuna Mmarekani miongoni mwa wale 11. Wahusika walituma madai kwa jina la jeshi la kubuni, lililodai kutetea maeneo matakatifu ya Uislamu. Jina hilo lilikuwa barakoa ya al-Qaeda, na kwa kulisoma tu hakuna mtu angejua lolote la maana. Ukweli ulitoka mahakamani. Katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001, mbele ya waandishi na jamaa za marehemu, ilielezwa jinsi milipuko ilivyosagwa na kupakiwa katika nyumba moja ya Ilala, jinsi gari aina ya Nissan lilivyonunuliwa na kufungwa mitungi ya gesi, na nani alifanya lipi. Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar alihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ile ilifanyika ng'ambo, na si kila jambo lililofuata baada ya mabomu yale lilikuwa la haki. Lakini mpaka leo Mtanzania anaweza kusoma jinsi bomu la balozi lilivyotengenezwa hatua kwa hatua. Kuhusu askari wanane wa Mkengeni, waliokufa wakiitumikia nchi yao, hana cha kusoma zaidi ya habari za magazeti za wiki ile.

Haya yote yana uzito wa pekee Kilombero. Kidatu ni mji uliokuzwa na watu kutoka kila pembe: wakata miwa wa msimu, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, madereva, mafundi wa umeme, na abiria wa TAZARA wanaoshuka na mizigo yao. Ukienda ndani kuelekea Ifakara na Mlimba utawakuta Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga wakilima mpunga bega kwa bega na Wahehe na Wangoni, na wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao. Migogoro ya mashamba na malisho ipo na inajulikana. Katika bonde kama hili shambulio lisilo na mwenyewe halikai muda mrefu bila kupewa mwenyewe. Litabandikwa kwa mgeni wa karibuni, kwa msikiti wa upande wa pili, kwa kabila lenye ugomvi wa ardhi na jirani yake. Muuaji aliyenyamaza atakuwa amepata vita asivyovipigana mwenyewe.

Kinga dhidi ya hilo inaanza na mambo ya kawaida ya utawala. Polisi kata anayehudhuria mkutano wa kijiji na kueleza nani amekamatwa, kwa kosa gani na atafikishwa mahakama ipi, anaziba pengo ambalo uvumi ungelijaza. Kamati za amani zinazowakutanisha masheikh na mapadri, wachungaji na wazee, zikiitwa kabla ya balaa badala ya baada ya maziko, huwa na mtu wa kumpigia simu usiku ule mambo yanapoharibika. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, iliyopo vitabuni tangu 1980, inatoa njia ya kuchunguza hadharani vifo vyenye utata, na haitumiki inavyostahili. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipita nchi nzima ikiwasikiliza wananchi wakilalamikia ukamataji na upelelezi, ikakabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2023. Vyombo vipo na ushauri upo.

Watasema wahusika wa usalama kwamba kueleza ni kumfundisha adui. Katika operesheni inayoendelea hoja hiyo ina haki yake. Lakini karibu miaka kumi imepita tangu bunduki za Kibiti zinyamaze. Waliouawa wana majina, wana wajane, wana watoto ambao sasa ni watu wazima wenye haki ya kupiga kura. Kila mwaka, katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili jijini Dodoma, Waziri wa Mambo ya Ndani husimama na kusoma hotuba ndefu ya makadirio ya wizara yake, na wabunge wa Kilombero, Mlimba, Rufiji na Kibiti huwa ukumbini wakiisikiliza. Wabunge hao na waulize, wakiwa wanne kwa sauti moja, ni lini orodha ya waliouawa na waliopotea katika operesheni ile itawekwa mezani pamoja na matokeo ya upelelezi, na wasiipitishe bajeti hiyo mpaka wapewe tarehe.